Wasee wa ukurutu, prednisoloni inatucheza

Ukiwa na ukurutu mbaya hapa Uriri, ule wa kujikuna usiku hadi shuka linapata damu, na krimu zimeshindwa, utasikia ushauri mmoja: enda kemisti uchukue prednisoloni. Ni bei rahisi na inafanya kazi. Siku chache tu ngozi imetulia, unavaa kaptula tena bila kuangaliwa vibaya.

Shida iko ukiiacha. Ukurutu hurudi, mara nyingine kwa hasira zaidi, nawe unarudi kemisti. Ukiendelea hivyo miezi kadhaa uso unavimba, sukari na presha zinapanda, mifupa inadhoofika. Halafu kuna watu wanaisifu kama panadol. Wapi!

Mimi naona tunauliza swali lisilofaa. Badala ya kuuliza ipi ina kasi, tuulize ngozi itakuwaje dawa ikiisha. Utafiti wa TREAT, uliofanyiwa watoto na vijana 103 Uingereza na Ireland na kuchapishwa 2023, ulilinganisha siklosporini na methotreksati. Siklosporini ilitangulia kutuliza ngozi. Lakini baada ya dawa kusimamishwa, waliomeza methotreksati ndio waliokaa vizuri zaidi.

Methotreksati ni ile ile wanayopewa wagonjwa wa baridi yabisi, na si ya bei ya kutisha. Masharti yake ndiyo makali: unaimeza mara moja kwa wiki (kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku), inachukua miezi miwili au mitatu kuonyesha kazi, ini na damu lazima vipimwe, na ni marufuku kwa mwenye mimba. Siklosporini nayo inataka figo na presha zichungwe. Dupixent, sindano ya kila wiki mbili iliyoidhinishwa Marekani 2017, haidai vipimo hivyo vya kila mara, ila kwa bei yake si maongezi ya hapa kwetu.

Kwa hivyo vita viko kwenye vipimo. Migori na Homa Bay ziliweza kufikisha kipimo cha HIV hadi zahanati za mashinani. Kipimo cha ini kifuate njia hiyo hiyo, na daktari wa ngozi afike Uriri hata mara moja kwa mwezi. Mwendesha boda akipiga hesabu ya nauli ya Kisumu kila mwezi, ataenda tu kemisti.