NENO LA BWANA SHAMBA: KUANZA SI KAZI, KAZI NI KUMALIZA



Mwezi huu sitasema juu ya mbolea wala samadi. Nataka tuwakumbuke watu wawili. Mmoja alikuwa dereva wa mashindano ya magari. Wa pili alikuwa mkimbiaji wa kutoka Mbulu, kwa jirani zetu. Lakini kwanza nitaeleza jambo lililotokea hapa Gehandu.

Msimu uliopita nilihitaji mbegu za alizeti kutoka Katesh. Nilimtuma kijana mmoja mwenye pikipiki. Mawingu yalikuwa mazito. Nikamwambia, "Kimbiza, mwanangu, mvua inakuja." Akakimbiza. Cheni ya pikipiki ilikuwa imelegea kwa siku mbili, naye alijua. Wakati wa kurudi ikatoka, gurudumu la nyuma likakwama, akaanguka. Alivunjika mguu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili alipie matibabu.

Kijana yule hakulima msimu ule. Kosa ni langu pia. Nilimwuliza, "Utarudi saa ngapi?" Sikumwuliza, "Pikipiki yako ni nzima?"

Vijana wetu wengi wanapenda mwendo wa kasi. Ukiwaonya, wanajibu, "Mbona madereva wa mashindano wanakimbiza?" Haya, na tumtazame dereva mmoja wa mashindano.

Jina lake ni Joginder Singh. Alizaliwa mwaka 1932 huko Kericho, Kenya. Baba yake alikuwa na gereji. Joginder alijifunza kazi humo tangu ujana wake. Alikuwa fundi kwanza, ndipo akawa dereva wa mashindano.

Miaka ile kulikuwa na mashindano makubwa ya magari yaliyoitwa Safari. Yalianza mwaka 1953. Magari yalipita Kenya, Uganda na nchi yetu. Njia zilikuwa za vumbi, mawe na matope. Mwaka 1965 Joginder aliingia Safari pamoja na ndugu yake, Jaswant. Gari lao aina ya Volvo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha tumika. Wao walilitengeneza vizuri, wakalijua kila sehemu yake. Wakashinda! Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Alifariki mwezi wa Oktoba, 2013.

Lakini mimi napenda zaidi hesabu hii: Joginder aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Mwaka 1968 mvua ilikuwa kubwa mno. Magari 93 yalianza. Magari 7 tu yakamaliza. Joginder alikuwa mmoja wa hao saba. Wengi walioshindwa nao walikuwa hodari wa kukimbiza. Basi kasi peke yake haimfikishi mtu. Anayefika ni yule anayelijua gari lake na kulitunza.

Mwaka huo huo wa 1968, mwezi wa Oktoba, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikwenda Meksiko katika Michezo ya Olimpiki. Alikimbia marathoni. Hizo ni mbio za kilomita 42 na kidogo. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Walioanza walikuwa 75. Kumi na wanane waliacha mbio. Akhwari alifungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Alifika wa mwisho, wa 57. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na watu wengi walikuwa wameondoka uwanjani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu. Ilimtuma azimalize.

Hakukata tamaa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Nyumbani Mbulu alikuwa mkulima, mtu wa mke na watoto, kama sisi.

Nasi wa Hanang tunaye wetu. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, mwaka 1978.

Kwa hiyo, vijana, mkipenda mashindano, shindaneni kwa miguu. Uwanja upo. Barabara ni ya watu wote: mama mwenye mzigo, mtoto wa shule, mzee na ng'ombe wake. Hapo si mahali pa mashindano.

Na wewe mwenye pikipiki, kila asubuhi kabla ya kuwasha, tazama mambo haya:

1. Cheni isilegee.
2. Breki zishike, ya mbele na ya nyuma.
3. Tairi ziwe na upepo wa kutosha.
4. Taa ziwake.
5. Vaa kofia ngumu, na abiria wako avae yake.

Kazi hii haimalizi hata dakika kumi. Mguu uliovunjika hutaka miezi.

Nasi tunaowatuma vijana tusiwaharakishe. Afadhali mbegu zilowe kuliko mtu avunjike.

Yule kijana sasa anatembea kwa fimbo. Kila Jumamosi jioni watoto hukimbia kuzunguka uwanja wa shule, naye huwahesabia mizunguko. Ana daftari. Huandika jina la kila mtoto anayemaliza, hata yule wa mwisho. Wiki iliyopita wengine walitaka kuondoka, kwa sababu mtoto mmoja mdogo alikuwa bado nyuma sana. Kijana akawaambia, "Ngojeni. Bado jina moja."

Wakangoja.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini Joginder Singh aliweza kumaliza Safari mara nyingi?
2. Je, kijijini kwako vijana wana mahali pa kukimbia?
3. Mara ya mwisho ulipomtuma kijana mwenye pikipiki, ulimwambia nini?