Kwenda Kupimwa Tukiwa Wazima

Wiki hii tunawaelekea jamaa zetu wa pwani walioolewa au kuhamia Kitale na Bungoma kwa biashara, ingawa tutakayoyasema yanamfaa pia aliye Lamu au Likoni. Wengi wamekwisha kujiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Wamejiandikisha, kisha wamekaa kungoja maradhi. Hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Presha hupanda bila ya kubisha hodi. Saratani ya mlango wa kizazi nayo hutanguliwa na miaka mingi isiyokuwa na maumivu, na mabadiliko yake yakigunduliwa mapema hutibika. Wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 49 ndio wanaohimizwa zaidi kupimwa.

Tunashauri kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, si hospitali kuu ya kaunti. Huko gharama hubebwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na aliyesajiliwa huhudumiwa hata kama hajalipa mchango. Akipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, hapo mchango huulizwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye duka au mama lishe hukadiriwa uwezo wa kaya yake na kulipa ya mwaka mzima, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Jambo hili lizungumzwe nyumbani mapema, baina ya mume na mke, kabla halijazungumzwa dirishani pa hospitali. Na mama asidhani kuwa usajili wa mumewe unamtosha: yeye na watoto lazima waandikwe kwa majina yao. Ahakikishe kwa kupiga *147#.

Siku ikifika, achukue kitambulisho na simu yenye namba iliyosajiliwa. Achukue pia dawa zote anazotumia, pamoja na habasoda na mitishamba, maana daktari hawezi kulijua asiloambiwa. Kipimo cha sukari ya asubuhi hutaka mtu asile kwa muda wa saa nane au zaidi. Maji matupu hayadhuru, lakini kikombe cha chai ya maziwa, hata kiwe kidogo, kimekwisha kuharibu kipimo. Anayefunga sunna ya Jumatatu au Alhamisi aseme alikula daku saa ngapi. Mwenye kisukari asijifungishe kwa ajili ya kipimo, wala asiache dawa, mpaka aulize.

Linalowazuia wengi ni haya, nasi hatuidharau. Inaruhusiwa kuomba muuguzi wa kike, na ni bora kuuliza mapema siku za zamu yake. Tena, pale kinapopatikana kipimo cha kirusi cha HPV, mwanamke hupewa kijiti akajichukulia sampuli mwenyewe faraghani, bila ya kuangaliwa na mtu. Kina mama wengi hawajaambiwa hili. Asiende akiwa hedhini, na ajiepushe na tendo la ndoa siku mbili kabla.

Kabla ya kuondoka aombe majibu yaandikwe, na aulize tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa, si chini ya godoro.