Mabadiliko ya mitambo yajaribiwe kabla ya kufika Kalengera

Kalengera, kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Goma na Rutshuru, mama anayeuza maharagi hana lazima ya kujua seva ni kitu gani. Anachojua ni kwamba mnunuzi wa Goma amesema ametuma feza kwa simu, gari linangoja, na ujumbe haujaingia. Kijana wa kabini ana jibu moja tu: «Mama, rezo hakuna.» Gari linaondoka tupu, au maharagi yanapakiwa kwa deni.

Zamani huo ulikuwa usumbufu. Leo ni shida ya kweli. Tangu mabenki ya Goma yafunge milango mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, familia nyingi zinategemea feza za simu kwa chakula, masomo na dawa. Mtambo ukilala masaa matatu, soko linalala nao.

Ni kweli kwamba mara nyingi sababu ni vita, umeme au waya uliokatwa. Lakini iko sababu nyingine isiyozungumziwa sana: badiliko lililoandikwa na fundi mwenyewe, likapelekwa kwenye mitambo bila kujaribiwa.

Siku hizi fundi wa mitambo mikubwa hazunguki kwenye kila seva kwa mkono. Anaandika faili ya maagizo: seva ngapi ziwashwe, mlango upi uwe wazi, nani aruhusiwe kuingia. Programu kama Ansible au Terraform inasoma faili hiyo na kupanga mashine zote kwa muda mfupi. Faida ni kubwa, lakini kosa la mstari mmoja nalo linafika kwenye mashine zote kwa muda ule ule.

Wakaaji wengi wanakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021. Jioni hiyo WhatsApp na Facebook zilizimika dunia nzima kwa karibu masaa sita. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata njia zote zinazounganisha vituo vyake. Kulikuwa na chombo cha kuzuia amri mbaya, lakini chenyewe kilikuwa na kosa, kikaiacha ipite.

Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa zamu ya CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta. Faili yake moja iliangusha kompyuta milioni 8.5 zinazotumia Windows, na ndege nyingi duniani hazikuruka. Upande mmoja wa programu ulingoja vipengele 21, upande wa pili ukatoa 20. Majaribio yaliyofanywa mbele hayakugusa kipengele cha 21, basi kosa halikuonekana mpaka lilipofika kwa wateja.

Hapo ndipo lilipo somo. Dereva wa Fuso anaweza kununua gurudumu zuri Goma na breki nzuri Rutshuru. Kila fundi ataapa kwamba kazi yake ni safi. Lakini gari likipakiwa, gurudumu linaweza kusugua breki, na hilo litajulikana tu kwa kuendesha kidogo na mzigo kabla ya kuanza safari. Mitambo ni vivyo hivyo: vipande vijaribiwe pamoja, si kimoja kimoja.

Tena jaribio hilo lisingoje fundi akumbuke. Lifanywe na mashine yenyewe kila faili inapobadilishwa. Mashine ijenge seva ndogo za muda, iweke maagizo mapya, iulize maswali machache: Je, huduma inajibu? Mlango uliopaswa kufungwa umefungwa? Maagizo yale yale yakitekelezwa mara ya pili, kuna kinachobadilika? Jibu moja likiwa baya, badiliko lisipite. Majibu yakiwa mazuri, seva hizo zifutwe, badiliko lianze kwenye sehemu ndogo kabla ya kuenea.

Wengine watasema hayo ni ya matajiri, kwamba Kivu umeme ni haba na intaneti ni ghali. Lakini vyombo vingi vya kazi hiyo ni vya bure, kama Molecule kwa watumiaji wa Ansible, na majaribio ya kwanza yanaweza kufanyika ndani ya kompyuta moja ya mkononi. Kinachokosekana zaidi ni desturi.

Kwa hiyo makampuni ya simu, mashirika ya kuweka na kukopesha na yanayosambaza umeme yafanye mambo mawili. Kwanza, badiliko lolote lisiende kwa wateja kabla ya kupita jaribio la mashine. Pili, mara kwa mara mafundi waweke kosa kwa makusudi na kuona kama jaribio litalikamata, kwa sababu mlinzi anayelala ni hatari kuliko kukosa mlinzi. Vyuo vikuu vya Goma navyo viwafundishe wanafunzi wa informatika kazi hii kabla hawajapewa funguo za mitambo ya watu.

Jaribio halitasimamisha vita wala kuunganisha waya uliokatwa. Lakini kosa ambalo lingekamatwa ofisini kwa dakika kumi halina haki ya kulipwa na mama wa Kalengera kwa gunia la maharagi.