Acheni Kuniomba Programu, Badilisheni Betri Kwanza

Nimenyamaza wiki kadhaa na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na hasira, na kwa kawaida huwa nangoja hasira ipoe kabla sijagusa kibodi. Hii imekataa kupoa, basi naandika hivyo hivyo. Mnivumilie.

Kilichonichokoza ni barua pepe. Mhandisi mmoja anataka nimwandikie programu ya simu ya kufuatilia pigi ndani ya bomba la mafuta, "vile tu matatu zinavyofuatiliwa kwa GPS". Ni barua ya tatu ya aina hiyo mwaka huu. Jibu langu ni hapana, na leo nataka kueleza kwa nini, ili wa nne asijisumbue.

Kwanza, pigi ni nini?

Pigi ni chombo kinachoingizwa ndani ya bomba kikasukumwa na mafuta yenyewe, kama kizibo ndani ya mrija. Ziko pigi za kusugua uchafu, na ziko zile za bei kali zenye sumaku na vihisi, ambazo hupima chuma zikipita na kurekodi mahali kutu imekula. Wazungu waliipa jina la nguruwe kwa lugha yao, na mafundi wetu wakalichukua jina hilo lilivyo.

Usidhani haya ni mambo ya mbali. Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi, la inchi 14, lilianza kazi mwaka 1978. Mwaka 2018 likaja jipya la inchi 20. Safari yake ni kilomita 450 hivi, chini ya mashamba na kando ya nyumba za watu. Kutu ya ndani huwezi kuiona ukiwa umesimama juu ya ardhi. Na mafuta yakishatoka, tunajua yanavyofanya. Septemba 2011 petroli iliingia mtaroni kule Sinai, Nairobi, na moto ukaua watu zaidi ya 100. Mwaka 2015 mafuta yalivuja Thange, Makueni, yakaharibu udongo na maji ya wakulima. Sisemi kwamba kifaa ninachokizungumzia leo kingezuia maafa hayo mawili. Ninachosema ni kwamba bomba linapita mlangoni kwa watu, na kulikagua si kazi ya kufanyia mzaha.

Kwa nini GPS haifai

Mawimbi ya GPS hutetema zaidi ya mara bilioni moja na nusu kwa sekunde. Chuma cha bomba huyazima kabla hayajapenya hata unene wa unywele. Mtandao wa simu nao ni vivyo hivyo.

Sasa fikiria matatu ya Rongai inapita nje usiku, madirisha yote yamefungwa. Maneno ya wimbo huyasikii. Unachosikia ni besi, dum dum dum, mpaka kikombe kinatikisika mezani. Mtetemo wa polepole hupenya, wa haraka hukwama. Transmita ya pigi inafanya kitu kinachofanana na hicho. Ndani yake kuna koili na betri, na inatoa mawimbi ya sumaku mara 22 hivi kwa sekunde. Mengi yanamezwa na chuma, lakini yanayobaki hutoka, hupita udongo, na fundi aliyesimama juu huyapokea kwa risiva. Hiyo 22 iko mbali na 50, ambao ndio mtetemo wa stima yetu, ili nyaya za umeme zilizo jirani zisiivuruge sana.

Hesabu yake inapendeza. Pigi ikiwa imesimama na koili imelala sambamba na bomba, risiva ukiielekeza vivyo hivyo utapata nguvu kubwa juu yake kabisa. Ukisogea mbele na ukirudi nyuma, utakuta sehemu mbili ambapo sauti inapotea. Pima umbali kati ya sehemu hizo mbili, zidisha kwa 0.7, na umepata kina cha transmita chini ya risiva yako. Hakuna setilaiti hapo. Ni fundi, kipande cha kamba na akili.

Ila kuna hesabu nyingine isiyo na huruma. Ukienda mara mbili mbali na transmita, hubaki na nusu ya nguvu. Unabaki na sehemu moja ya nane. Kwa hiyo transmita iliyofungwa ovyo, au yenye betri iliyochoka, haina akiba yoyote. Mita moja ya udongo zaidi inatosha kuinyamazisha.

Dhambi yangu

Sasa nikiri. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe niliandika programu ya namna hii. Mkandarasi simtaji, na mahali sipataji. Kipande cha bomba kilikuwa cha kilomita 60. Programu ilichukua kasi ya mafuta kutoka kwenye mita za pampu, ikakadiria pigi iko wapi, na kuionyesha kwenye ramani kama kitone chekundu kinachotembea. Bosi alikipenda kile kitone kuliko kitu chochote. Wageni wakija walionyeshwa kitone. Mimi nilivimba kichwa, nisiwafiche.

Safari ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Kabla ya safari ya pili, fundi mmoja mzee aliomba betri mpya na oringi mpya, yaani ule mpira wa duara unaozuia mafuta yasiingie kwenye mkebe wa transmita. Akaambiwa betri zimefanya kazi saa chache tu na oringi bado inang'aa. "Na hata ikizima, si tuna kompyuta?" Mzee hakubishana. Alibadilisha betri chache alizokuwa nazo akaziacha za zamani humo humo, akarudisha oringi ile ile.

Kilomita ya 30 pigi ilisikika, tena kwa mbali. Kilomita ya 38 alikuwa kijana mmoja na risiva yake, amelala nje kwenye baridi. Saa ikafika, saa ikapita. Akapiga simu: "Bosi, sijasikia kitu." Bosi akaangalia skrini. Kitone changu kilikuwa kilomita ya 41. "Wewe ulilala. Imeshapita." Asubuhi kijana akarudishwa nyumbani bila malipo ya siku zilizobaki.

Kitone kiliendelea mpaka kilomita ya 60, kikasimama hapo kama mgeni aliyefika. Chumba cha kupokelea kilipofunguliwa hakikuwa na pigi.

Bomba lilisimama siku nne. Watu walitembea na risiva mchana na usiku wasisikie lolote. Mwishowe pigi ilipatikana kwa kulinganisha geji za presha kabla na baada ya kila vali. Ilikuwa kilomita ya 33, imekwama kwenye vali ambayo haikufunguliwa hadi mwisho. Haikufika 38 kamwe! Ilipotolewa, mkebe wa transmita ulikuwa umejaa dizeli. Oringi ilikuwa na mkato mdogo na chembe ya mchanga imekaa ndani yake. Betri, nusu mpya na nusu kuukuu, zilikuwa zimekufa zote.

Nilimpigia simu yule kijana mimi mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyempigia. Akasema, "Si nilisema, kaka." Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Somo langu ni hili. Ukimya wa kilomita ya 38 ulikuwa na maana tatu: pigi haijafika, transmita imezima, au msikilizaji amelala. Kama transmita ingekuwa imetunzwa na kuandikwa daftarini, maana ya pili ingeondoka. Kama ingebaki ikilia pale 33, mtu mwenye risiva angerudi nyuma kidogo kidogo akaikuta siku hiyo hiyo. Kwa kuwa hakuna aliyeitunza, maana zote tatu zilibaki mezani, na bosi akachagua ile inayomwangukia mnyonge. Na programu yangu ndiyo iliyompa nguvu ya kuichagua. Ilionyesha kukisia kama vile ni kuona. Kwenye kilomita 60, kosa la asilimia 2 tu ni kilomita 1.2, tena hapo pigi inatembea vizuri. Ikiwa imekwama, mita za pampu hazijui; mafuta yanaweza kupenya pembeni mwa mipira yake yakaendelea na safari.

Kwa hiyo, kabla hujaniandikia, fanya haya:

1. Betri mpya kwa kila safari, zote kwa pamoja, za aina moja. Usichanganye mpya na za zamani.

2. Usiamini mita ya volti peke yake. Betri nyingi za lithiamu hushikilia volti ile ile karibu mpaka dakika za mwisho, kisha huanguka ghafla. Andika saa ilizofanya kazi. Daftari la shilingi hamsini linashinda ramani yangu.

3. Piga hesabu ya muda ukiwa na hofu. Kilomita 450 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde ni saa 125. Ongeza muda wa kukwama na muda wa kuitafuta. Transmita inahitajika zaidi siku ile mambo yameharibika, na hiyo ndiyo siku ambayo betri ya kubahatisha huwa imeisha.

4. Kila ukifungua mkebe, oringi mpya. Safisha mfereji wake, paka grisi, angalia mchanga.

5. Koili ilale sambamba na pigi, na usiifungie ndani ya mkebe mzito wa chuma kisha ulalamike haisikiki. Nati zifungwe kwa gundi yake. Pigi hugonga kila kiungo cha bomba, na nati isiyofungwa vizuri haitamaliza safari.

6. Isikilize mara mbili na uandike namba: mara moja ikiwa mezani kwa umbali uliopimwa, mara nyingine ikiwa ndani ya chumba cha kurushia na mlango umefungwa. Bila namba hizo, huwezi kujua kama imedhoofika.

7. Usibadilishe betri karibu na mvuke wa petroli. Na mkebe uliorudi na mafuta ndani unaweza kuwa umefungia presha. Ulegeze polepole, kifuniko kisielekee uso wa mtu.

8. Ukiwa na risiva, zima gari na usimame tuli. Koili ikitikiswa ndani ya sumaku ya dunia huzua kelele zake yenyewe.

Najua majibu mtakayoniletea. "Betri ni ghali." Betri zote za safari ile pamoja na oringi hazikufika bei ya dizeli iliyochomwa na magari ya kutafuta kwa siku moja. "Siku hizi kuna akili bandia, itakadiria vizuri zaidi." Itakadiria, ndiyo. Lakini ikadirie kutokana na nini, ikiwa kitu pekee kilichoko kule chini kimezima? "Mafundi wetu hawaandiki daftari." Wataandika wakiona kuna anayelisoma. Yule mzee aliomba vifaa kwa mdomo wake mwenyewe akakataliwa.

Kuna na hili. Pigi ya ukaguzi hupima umbali kwa gurudumu, na gurudumu huteleza. Likikosea nusu mita katika kila mita 100, baada ya kilomita 2 umekosea mita 10. Ndiyo maana vifaa vya alama huwekwa juu ya bomba kurekodi saa pigi ilipopita, na kosa likarekebishwa. Transmita ikizima, vile vinavyoisikiliza havirekodi kitu. Ripoti itakuja inapendeza, yenye rangi, ikikuambia uchimbe shamba la mama fulani, wakati kutu iko mita kumi upande wa pili. Utamfukia mama huyo shimo lake, utaandika "hakuna tatizo", na bomba litaendelea kuliwa.

Bado naandika programu, na hii ya pigi niliiandika upya. Sasa haionyeshi kitone. Inaonyesha mahali pigi iliposikika mara ya mwisho, saa ngapi, na nani aliyeisikia. Kuanzia hapo inachora duara linalopanuka kila dakika inayopita bila habari. Mtu wa kituoni akiripoti "sijasikia", ripoti yake inaingia na wala haifutiki, hata na bosi. Wateja wawili wameniambia ni mbaya kwa macho. Sawa.

Wewe uliyeniandikia, usikasirike. Nitumie picha ya kurasa tano za daftari lako la transmita: tarehe za betri, saa, namba za kusikiliza. Ukiwa nazo, nitakuandikia programu hata kwa nusu bei. Ukiwa huna, pesa zako zipeleke kwenye betri.

Haya, nimemaliza. Hasira imepungua kidogo. Wenye kubisha, karibuni.