Kwaya Haizaliwi, Hufundishwa

Kuna sifa moja tunayopewa na wageni, nasi tumeimeza bila kuitafuna: kwamba Mwafrika huzaliwa na nyimbo kooni. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani hupandishwa Usambara, Jumapili akaingia kanisani Dindira au katika kijiji kingine cha milimani wilayani Korogwe. Akikuta kwaya zinapokezana na waumini wamesimama wanacheza, hurudi kwao na maneno yaleyale: hawana kitu, lakini wana furaha, kuimba kumo damuni mwao. Wenyeji wakisikia hutabasamu na kushukuru. Mimi sishukuru. Sifa hiyo ni ya uongo, tena inatugharimu.

Tuanze na hiyo damu. Anayehudhuria ibada ya Jumapili hazioni jioni za katikati ya wiki, watu wanapotoka kuchuma chai au kupalilia mahindi na kwenda moja kwa moja mazoezini. Pale kuna daftari lililoandikwa noti za solfa kwa mkono, limechakaa pembe zote. Mwalimu wa kwaya anatoa sauti, besi wanarudia mstari mmoja mpaka ukae sawa, ndipo wanaitwa tenori, kisha alto, kisha soprano. Mchelewaji anatozwa faini. Asiyefanya mazoezi hasimami mbele Jumapili. Hiyo ni shule, yenye mwalimu na nidhamu yake. Teremka bondeni ukasikilize maulidi, utakuta hali ni hiyohiyo: mpiga dufu hodari alianza kufundishwa angali mtoto.

Historia nayo inaikataa hoja ya damu. Misheni ya Kijerumani iliyokuja kujulikana kama misheni ya Bethel ilianza kazi Mlalo, Usambara, mwaka 1891. Kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za wakati ule, nyimbo zilitoka Ujerumani, watu waliimba wamesimama wima, na ngoma ikaachwa nje ya kanisa. Waumini wale walikuwa babu na bibi zetu, damu yetu hii hii. Kama kucheza ibadani ni maumbile, walitulia vipi miaka yote hiyo? Hata matarumbeta ambayo mgeni huyapiga picha akidhani ni ya asili ya Kiafrika yana ukoo wake Ujerumani. Johannes Kuhlo, aliyezijenga bendi za matarumbeta za kanisa kule, alihudumu Bethel, Ujerumani, misheni ile ilikopata jina lake, kuanzia mwaka 1893.

Ngoma ilirudi madhabahuni kwa sababu watu waliisomea na kuitetea. Padri Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea. Upande wa Walutheri, Mtanzania Bernard Kyamanywa aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya. Leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti Ujerumani, namba 116, na Wajerumani wanauimba Pasaka. Hakuna aliyewabadilisha damu. Walifundishwa, wakajifunza, kama sisi tulivyojifunza za kwao.

Nusu ya pili ya sifa ile, kwamba hawana kitu lakini wana furaha, ndiyo mbaya zaidi. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, wakulima wadogo wa Usambara waliokitegemea walibaki miaka na majani yasiyo na soko la uhakika. Makanisani kwaya ziliendelea kuimba. Nani atathubutu kusema watu wale hawakuumia? Nyimbo nyingi za kwaya zetu zinasema waziwazi habari za magonjwa, yatima na njaa. Lakini mgeni asiyejua Kiswahili wala Kisambaa husikia mdundo tu, na kwenye wimbo wa kilio hupiga makofi.

Hata mnada wa baada ya ibada mgeni huuona kama mchezo. Yai moja linanadiwa, mnunuzi analipa, halafu analirudisha linadiwe tena, watu wanacheka. Kicheko kile kipo, lakini pesa ile ndiyo ya bati na saruji. Waliokosa fedha ya sadaka wameleta ndizi na kuku, na wenzao wananunua kwa bei ya juu kuliko ya sokoni ili ujenzi usisimame. Huo ni mfumo wa uchumi wa watu wenye kipato kidogo. Anayesema wameridhika na umaskini wao hakuelewa alichokiona.

Na sisi wenyeji tuna lawama. Tukisikia kuna ugeni, akina mama wanahamishwa kutoka benchi la mbele, mahubiri yanafupishwa, sala ya toba inapita mbiombio, na kwaya inaambiwa ilete ule wimbo wa kucheza. Tunaigeuza ibada kuwa maonyesho, halafu tunanung'unika tukitazamwa kama burudani.

Basi wewe unayesafiri, uwe umetoka Berlin au Dar es Salaam, ukiingia kanisa usilolizoea keti palipo na nafasi, weka simu mfukoni, na baadaye uliza wimbo ulisema nini. Mtafute mwalimu wa kwaya umpongeze kwa kazi aliyoifanya. Muulize mzee wa kanisa chai inanunuliwa kwa bei gani msimu huu, kisha umsikilize mpaka amalize. Nanyi wazee wa kanisa, ibada ya ugeni iwe ileile ya kila Jumapili, na bajeti ya usharika ya mwaka ujao iwe na posho ya mwalimu wa kwaya. Anafanya kazi, na kazi hulipwa.