Mafundi wa miti Uingereza: Ada ya chama inarudi, au inapotea bure?

Nchini Uingereza, mtu anaweza kununua msumeno wa mnyororo leo, akaandika jina la kampuni ubavuni mwa gari, na kesho asubuhi akaanza kugonga milango akijiita fundi wa miti. Hakuna leseni maalumu ya serikali inayotakiwa ili kufungua biashara ya kupogoa na kukata miti ya majumbani.

Pengo hilo linajazwa na vyama vya taaluma. Kinachojulikana zaidi ni Arboricultural Association, kilichoanzishwa mwaka 1964. Kampuni ikikaguliwa na chama hicho na kufaulu, inaingizwa kwenye orodha ya waliothibitishwa na inaruhusiwa kutumia nembo yake.

Kwa kampuni kubwa, uamuzi ni rahisi. Kwa bosi mwenye gari moja na vijana wawili, swali ni la mfukoni: hela hiyo itarudi?

Sheria inawabana wote

Kukosekana kwa leseni hakuna maana kwamba hakuna sheria. Anayetumia msumeno kazini lazima awe amefunzwa na kuumudu. Mwenye wafanyakazi lazima awe na bima yao ya angalau pauni milioni 5, na asipokuwa nayo anaweza kupigwa faini ya hadi pauni 2,500 kwa kila siku.

Miti nayo ina ulinzi wake. Halmashauri inaweza kuuwekea mti amri ya kuulinda, na hapo hakuna kuukata wala kuupogoa bila kibali. Kwenye maeneo ya hifadhi ya mandhari, halmashauri hupewa taarifa wiki 6 kabla ya kazi kuanza. Nchini England, anayeua mti uliolindwa anaweza kutozwa faini isiyo na kikomo, na mkono wa sheria unaweza kumfikia aliyeshika msumeno pamoja na aliyemtuma.

Haya yote yanamhusu mwanachama na asiye mwanachama. Tatizo ni kwamba mteja aliyesimama mlangoni hana namna rahisi ya kujua nani anayafuata. Tuchukulie mfano: fundi mwenye bima, vyeti na vifaa kamili anataka pauni 600 kuondoa mti. Anakuja mwingine asiye na bima wala mafunzo, anasema 350. Kwa macho ya mteja, kazi ni ile ile.

Hapo nembo ya chama inakuwa na thamani. Inamwambia mteja kwamba kuna mtu wa tatu aliyefika, akaangalia.

Uanachama si sawa na kukaguliwa

Hapa wateja wengi huchanganya mambo. Mtu binafsi anaweza kuwa mwanachama wa chama, hata akiwa mwanafunzi. Kampuni kuthibitishwa ni jambo jingine: wakaguzi wanapitia makaratasi, bima na taratibu za usalama, kisha wanaenda eneo la kazi kuona jinsi watu wanavyopanda, wanavyokata na wanavyoacha mti ukiwa katika hali gani.

Kipo pia kiwango cha taifa cha kazi za miti, BS 3998, kilichotolewa upya mwaka 2010. Fundi anayekifuata hakati kichwa cha mti ovyo kwa sababu mteja anataka mwanga zaidi sebuleni. Atamweleza kwamba ukataji wa namna hiyo unaweza kuuozesha mti na kuufanya uwe hatari baadaye.

Kwa hiyo fundi anayelipa ada ya uanachama peke yake, halafu akategemea simu zianze kuita, huenda akasubiri sana. Kinachouzika ni ule ukaguzi.

Hesabu ya fundi mdogo

Gharama haiishii kwenye ada. Kuna siku za kuandaa makaratasi, na siku ya ukaguzi ambayo kazi haiendi kwa kasi ya kawaida. Halafu halmashauri na wakandarasi wakubwa wanaweza kutaka pia cheti cha usalama kutoka mpango mwingine kama CHAS. Tovuti za kutafutia mafundi kama Checkatrade nazo zina malipo yake. Fundi mmoja anajikuta analipa huku na kule ili kuthibitisha jambo karibu lile lile.

Tufanye hesabu ya mfano. Kama gharama zote zikifika pauni 1,000 kwa mwaka, na faida yake kwa kila kazi ni pauni 100, anahitaji kazi 10 ambazo asingezipata bila nembo ili hela yake irudi tu. Kwa anayeishi kwa sifa za mtaani, ambako jirani humwambia jirani, kazi hizo 10 huenda zisionekane. Tayari simu yake inaita.

Kwa anayelenga zabuni za halmashauri, shule au nyumba za kupangisha za mashirika, hesabu inageuka. Huko anayetoa kazi hutaka uthibitisho kwa maandishi, na kandarasi moja inaweza kulipa gharama zote za mwaka.

Faida isiyoonekana kwenye risiti

Lipo jambo jingine ambalo fundi mmoja hawezi kulifanya peke yake, nalo ni kukaa mezani na serikali. Kanuni za mwaka 2005 za kufanya kazi juu zilizua mjadala mrefu kuhusu kama mpanda mti anapaswa kujifunga kwa kamba moja au mbili. Mamlaka ya usalama kazini, HSE, iliposimamia msimamo wa mifumo miwili, ni chama kilichotoa mwongozo wa sekta, uliotolewa upya mwaka 2020, kueleza jinsi ya kufanya hivyo juu ya mti.

Ugonjwa unaokausha miti ya ashi, uliothibitishwa nchini humo mwaka 2012, ni mfano mwingine. Mti ulioathirika huwa mkavu na huweza kukatika bila dalili, hivyo kuupanda kunaweza kumgharimu mtu maisha. Maarifa ya namna hiyo husambaa haraka panapokuwa na chombo cha kuyakusanya.

Lakini maarifa hayo humfikia hata asiyelipa. Matokeo yake, fundi mwaminifu anabeba gharama ya kulinda jina la kazi nzima, huku yule wa kugonga milango akiendelea kuuza bei ya chini.

Nani ajiunge?

Kwa anayeanza, pauni za kwanza ziende kwenye mafunzo, bima na vifaa. Nembo haimshiki mtu anayeanguka. Anayetosheka na kazi za mtaani anaweza kusubiri, ila ahakikishe mteja anaonyeshwa cheti cha bima kabla hajauliza.

Anayetaka kuvuka kwenda kazi za taasisi anapaswa kwanza kupiga simu kwa wateja watatu au wanne anaowalenga, awaulize wanakubali uthibitisho upi. Akilipia ule ule wanaoutaka, ada ina nafasi nzuri ya kurudi.

Mpaka serikali itakapoweka leseni, mwenye nyumba ndiye mkaguzi wa mwisho. Anachoweza kufanya ni kuangalia jina la kampuni kwenye orodha ya chama chenyewe, badala ya kuamini stika iliyo kwenye mlango wa gari.