MAJARIBIO MADOGO DARASANI: SHAURI LETU KWA NACHINGWEA NA RUANGWA



Shauri tunalolileta mbele yenu katika toleo hili si la mshahara wala la likizo, ingawa hayo nayo yana siku yake. Ni shauri la watoto wetu na walimu wao, yaani jinsi sayansi inavyofundishwa katika shule za wilaya zetu mbili, na jinsi sisi makarani tuwezavyo kuisaidia kazi hiyo au kuizuia. Twaona kwamba mtoto aweza kumaliza kidato cha nne akijua kwa moyo kanuni za hewa, wala asipate hata siku moja kuiona hewa ikifanya kazi. Twaona tena kwamba sababu ya jambo hili si umaskini peke yake. Sehemu yake moja hutoka mezani petu.

Wengi mwakumbuka mwaka 2014, nchi nzima ilipohimizwa kujenga maabara tatu katika kila shule ya sekondari ya kata: moja ya fizikia, moja ya kemia, na moja ya biolojia. Wananchi walichangishwa, matofali yakafyatuliwa, na baadhi yetu ndio tulioandika majina ya waliotoa na ya wasiotoa. Kazi ile ilikuwa njema, wala hatuilaumu. Lakini nyumba ni nyumba tu, haimfundishi mtu. Katika shule moja ya misheni tuliyoipitia sisi, kabati ya vyombo ilikuwa nzuri sana, imepangwa mirija na mizani, nayo ilifungwa kwa kufuli kubwa. Vyombo vilitoka siku ya mkaguzi, vikarudi jioni ile ile. Tulivijua kwa kuvitazama kupitia kioo. Basi tusidhani kwamba neno maabara likiandikwa juu ya mlango, elimu imekwisha kuingia ndani.

Hapa kwetu tuna sababu ya pekee ya kupenda jaribio dogo. Mtu wa Nachingwea hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kazi kubwa iliyoanzishwa pasipo kujaribiwa kwanza. Mwaka 1946 wajumbe wa Serikali ya Uingereza walizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati muda wa majuma tisa, safari yao kubwa ikiwa kwa ndege, wakarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu. Sehemu kubwa ya ekari hizo ilikuwa Tanganyika, na Nachingwea ikawekwa kuwa mahali pake pakuu upande wa kusini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikajengwa kuja huku. Lakini udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi mwingi; kiangazi kilipofika uliganda kama matofali, majembe yakavunjika na karanga hazikung'oleka. Mvua nayo haikuja kama ilivyotazamiwa. Mwaka 1951 shauri lile liliachwa, fedha zilizopotea zikiwa kiasi cha pauni milioni 36, na reli yetu ikaja kung'olewa katika miaka ya 1960. Haraka haraka haina baraka.

Sasa tazameni jinsi mtoto wa darasa la sita awezavyo kuupima udongo. Atwae chupa nyeupe ya maji iliyotupwa njiani. Atie udongo uliopondwa hadi theluthi moja, ajaze maji, azibe, atikise kwa nguvu, kisha aiweke chini bila kuigusa. Mchanga hutua kwa muda wa dakika moja tu. Udongo laini hutua baada ya saa kadha wa kadha. Mfinyanzi huchelewa, hata siku nzima na zaidi, na maji hukaa yamechafuka. Kesho yake apime kila tabaka kwa rula. Akifanya hivi kwa udongo wa bondeni, wa kilimani na wa shamba la babake la mikorosho, atakuwa na hesabu tatu za kulinganisha, naye ataweza kumweleza babake kwa nini shamba moja hushika maji na jingine huyaachia. Hatusemi kwamba chupa ile ingaliiokoa Kongwa. Twasema kwamba mazoea yale, ya kujaribu kwa kidogo kabla ya kutumia kikubwa, ndiyo sayansi yenyewe, nayo gharama yake ni chupa tupu.

Majaribio mengine ya namna hii ni mengi. Tutataja machache, ili asiwepo wa kusema kwamba twasifu kitu tusichokijua.

La kwanza ni la karanga, zao ambalo wilaya hizi zalijua vema. Karanga moja ichomekwe kwenye ncha ya waya, iwashwe, na juu yake kiwekwe kopo lenye maji yaliyopimwa. Maji yatapata moto. Karanga ya gramu moja ina joto la kutosha kupandisha maji ya gramu 100 kwa digrii zaidi ya 50, kama joto lote lingaliingia majini. Katika kopo la wazi haliingii lote, na mara nyingi hata nusu haifiki. Hapo mwalimu anapata swali la pili, lililo bora kuliko la kwanza: joto lililobaki limekwenda wapi? Mtoto atakayelijibu swali hilo ataelewa pia kwa nini mafiga matatu hula kuni nyingi kuliko jiko lililozibwa pande zote.

La pili ni la kinywe. Ruangwa yajulikana leo kwa madini hayo, na wawekezaji wametoka mbali kuyachimba. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Ruangwa walioonyeshwa kwamba kinywe ndicho kilichomo ndani ya penseli wanayoishika kila siku, kikiwa kimechanganywa na udongo? Chonga penseli fupi pande zote mbili, uiunge kwa nyaya na betri mbili za tochi na globu ndogo. Globu itawaka, ingawa kwa mwanga hafifu. Ukitumia penseli ndefu, mwanga utapungua. Kisha kijaribiwe kipande cha mkaa wa jikoni: mmoja waweza kupitisha umeme, mwingine usipitishe, kwa kadiri ulivyochomwa. Mtoto aliyeona hayo anapoambiwa kwamba kinywe hutumika katika betri, hatalikariri neno hilo kama kasuku. Tena asitegemee kazi ya kubeba mizigo tu katika machimbo ya kwao.

La tatu ni la choya, ile nyekundu tunayoinywa. Maji yake yakitiwa ndimu huzidi kuwa mekundu. Yakitiwa maji ya majivu hugeuka rangi na kuelekea kijani. Mabibi zetu waliyajua maji ya majivu na magadi kabla ya neno alkali kufika nchini. Mwalimu akianza na jambo hilo, kemia haitakuwa elimu ya kigeni. Itakuwa habari ya jikoni iliyopewa jina.

La nne ni la mshumaa, nalo tumeliweka mwisho kwa sababu lina fundisho kwa walimu wenyewe. Mshumaa husimamishwa katika sahani yenye maji, kisha hufunikwa kwa bilauri. Moto huzimika, na maji hupanda ndani ya bilauri. Ukiuliza sababu, wengi watajibu kwamba oksijeni imekwisha, nayo ni moja ya tano ya hewa. Jibu hili limo katika madaftari mengi, walakini halitoshi. Mwenye kutazama vema ataona kwamba maji hupanda zaidi wakati moto unapokwisha kuzimika. Tena akiweka mishumaa mitatu badala ya mmoja, maji hupanda zaidi, ingawa oksijeni ya bilauri haikuongezeka. Sababu kubwa ni joto: hewa iliyopata moto hutanuka na nyingine hutoka nje, ikipoa husinyaa, na hewa ya nje huyasukuma maji kuingia. Basi jaribio hili la senti chache laweza kusahihisha daftari. Chaki haiwezi kazi hiyo.

Hapa hatuna budi kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, wilaya ya Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa, naye kwa kuogopa kukosa nafasi katika friji alitia maziwa yake yangali ya moto. Akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, swali lake lilifanywa mzaha. Lakini Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipofika shuleni akaulizwa swali lile lile, hakulicheka, aliamuru lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala yao pamoja, na jambo lile hujulikana ulimwenguni mwote kwa jina la Mpemba. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu yake, na wengine juu ya kuwapo kwake, na hivyo ndivyo inavyopasa. Ila tujiulize: ni maswali mangapi yamekufa katika madarasa yetu kwa kuambiwa tu kwamba muulizaji amechanganyikiwa?

Yako majibu ambayo tumekwisha kuyasikia. Wengine husema muda hautoshi, mtihani wa Baraza ndio utakao. Lakini mtihani wa vitendo nao ni mtihani, na mtoto asiyewahi kushika kitu hutetemeka siku hiyo. Jaribio la choya halizidi dakika kumi. Wengine husema darasa lina watoto wengi mno. Ni kweli, na ndiyo sababu yatakiwa majaribio ya chupa na makopo, ambayo kila kikundi chaweza kuwa nayo, kuliko chombo kimoja cha thamani kinachotazamwa kutoka mbali. Wengine huogopa hatari. Hofu hiyo ni halali: moto uwashwe mbele ya mwalimu na ndoo ya maji iwe karibu, umeme wa ukutani usiguswe, wala kitu kilichojaribiwa kisionjwe. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, UNESCO ilitoa mwaka 1948 kijitabu cha mashauri kwa walimu wa sayansi katika nchi zilizobomolewa, ili wafundishe kwa vitu walivyo navyo, nacho kikapanuliwa kuwa kitabu kikubwa mwaka 1956. Ikiwa waliopoteza shule zao kwa mabomu waliweza kuanza kwa makopo, sisi tuna udhuru gani?

Sasa twarudi mezani petu. Mwalimu wa sayansi anapoomba shilingi elfu chache za ndimu, mishumaa, betri na choya, barua yake hupita masjala, hungoja sahihi, hutakiwa hati za bei tatu, kisha huulizwa stakabadhi ya mashine. Mama auzaye ndimu sokoni hana mashine ya stakabadhi. Basi barua hulala ndani ya jalada hata muhula ukaisha, na mwalimu hujifunza kwamba ni heri kuchora mshumaa ubaoni. Hatusemi kanuni za fedha zivunjwe. Sisi ndio walinzi wake, na twajua kwa nini ziliwekwa. Twasema kanuni hizo hizo zina neno masurufu, nalo liliwekwa kwa ajili ya mambo madogo kama haya.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu. Kwanza, wanachama walio katika ofisi za elimu na fedha za wilaya zote mbili wawaombe wakubwa wao kwamba kila shule iwe na masurufu madogo ya majaribio, yenye daftari moja la matumizi litiwalo sahihi na mwalimu na mkuu wa shule, na kukaguliwa kila muhula. Pili, Chuo cha Ualimu kilichopo hapa Nachingwea kiombwe, kwa heshima, walimu wanafunzi wake wanapokwenda mazoezini wawe na majaribio yao kumi ya vitu vya kwetu, ambayo wamekwisha kuyafanya kwa mikono yao wenyewe. Tatu, chama chetu kitenge Jumamosi moja katika kila muhula, wanachama waende shule iliyo karibu wakiwa na chupa, makopo na mishumaa iliyobaki nyumbani, wakae nyuma ya darasa watazame. Karani aliyeona kwa macho yake maji yakipanda ndani ya bilauri hataiacha barua ya mwalimu yule ilale chini ya majalada.

Watakaopinga maneno haya na waandike, nasi twatumaini Mhariri atawapa nafasi. Watakaokubali wasiandike kwetu. Waitafute kwanza barua ya mwalimu iliyo mezani kwao, waipitishe.

Sisi wenu katika kazi,
Karani, Nachingwea